Mlango Uko Kulia

Penang, 4 Agosti 2024

Shangazi, shikamoo.

Matar wa mtaani kwetu, anayesoma hapa, anakuja likizo ndefu Ijumaa na nimempa kimzigo chako. Ndani mna hedfoni moja, kisanduku kidogo cha kurekodia, na maiki mbili ndogo mfano wa punje za mbaazi. Usizitupe ukadhani uchafu. Zinavaliwa masikioni, moja kila upande. Yenye doa jekundu ni ya kulia.

Najua utauliza za nini, kwa hiyo nakueleza kabisa. Kazi yangu hapa ni kuzirekebisha hedfoni zitoe sauti ya haki. Watu wanadhani hedfoni nzuri ni ile isiyoongeza wala kupunguza. Siyo. Sikio lenyewe linaongeza. Lile kombe la nje na mikunjo yake linainyanyua sauti hapa, linaipunguza pale, na kwa mabadiliko hayo ubongo unajua kama imetoka mbele, nyuma au juu. Ukivaa hedfoni, kombe linarukwa. Sauti inaingia moja kwa moja, na mtu anauona muziki umekaa ndani ya kichwa chake, mchuzi bila chumvi. Sisi ndio tunairudishia ile chumvi ya sikio.

Mwezi wa kumi kampuni ina wageni na inataka mandhari moja ya sauti ya kuwaonyesha. Wenzangu wametaja stesheni ya treni na uwanja wa mpira. Mimi nimetaja chuo chako cha Kurani. Nimewaambia kuna nyumba Kikwajuni watoto thelathini wanasoma kwa pamoja, kila mmoja na sura yake na makelele yake, na mwanamke mmoja yuko katikati, bakora mapajani, anasema, "Ridhwan, rudi nyuma, hiyo madda umeikata, ivute." Hawakuniamini. Nikawaambia anaweza kwa sababu masikio ni mawili. Sauti ya kulia inalifikia sikio la kulia mwanzo. Ikifika la kushoto imechelewa kidogo na imefifia, maana kichwa kimeizuia. Kwa tofauti hiyo ndogo unamtenga mtoto na mwenziwe. Kwa sikio moja wote wanakuwa uji.

Vaa alasiri moja, somesha kama kawaida yako, basi.

Na mbona siku hizi hupokei simu? Naandika kwa kuwa umeniambia niandike, lakini sijaelewa sababu.

Mwanao,
Ridhwan


Kikwajuni, 18 Agosti 2024

Mwanangu Ridhwan,

Marahaba. Matar kafika, kanenepa, na mzigo nimeupata. Nnaandika kwa mkono kama unavyoona, kisha nnaupiga picha ukurasa nnakutumia. Simu nshaichoka. Inakatika, na wewe huko umejifunza kusema mbio. Maandishi hayakatiki.

Maelezo yako nimeyasoma. Ati sikio linatia chumvi. Mimi nikidhani wanaotia chumvi ni watu wa mtaa huu.

Nimezivaa jana. Watoto walicheka mpaka nikawaambia Bi Mwalimu katiwa dawa ya masikio, ndo wakanyamaza. Kisanduku nimempa Matar, kasema atakutumia kwa kompyuta.

Ya hapa si mazuri sana. Mama yake Msabah kanijia mlangoni kuniambia mwanawe kasoma mbele ya babu yake, kakosea, na kosa lenyewe la siku nyingi. "Na kwako lilipitaje, Bi Salhiya?" Nilimjibu, unanijua. Lakini neno likishatoka halirudi, na sasa wazazi wanakuja kusimama dirishani kunipima. Chuo hiki alikianza mama yangu kwa mkeka mmoja. Kosa la mtoto likinipita, nitakayeulizwa mbele ya Mola ni mimi, si mtoto. Hilo ndilo linalonikosesha raha kuliko midomo ya watu.

Na kuna mtoto mmoja, Wanu, mjukuu wa Bi Mwanamkasi anayeuza ndimu sokoni Mwanakwerekwe. Kaja baada ya Idi. Hasomi. Anakaa mlangoni penye viatu, mdomo unakwenda, sauti haitoki. Nikimwita mbele anatetemeka tu. Nimembembeleza, nimemkemea, bakora nimemwonyesha. Jana baada ya chuo nimemwita bibi yake nikamwambia amchukue, mtoto huyu kusoma hakumo. Bi Mwanamkasi alilia. Mimi sikulia, lakini chakula hakikunipita.

Sikio halipiti kichwa, lakini kazi yako nimeifanya.

Shangazi yako,
Salhiya


Penang, 2 Septemba 2024

Shangazi, shikamoo.

Rekodi imefika na ni nzuri kuliko nilivyotaraji. Mwanzo wenzangu walilalamika kuwa watoto waliokaa mbele yako wao wanawasikia nyuma. Nikawaeleza kuwa kila mtu ana kombe lake na mikunjo yake, na wao kwa sasa wamevaa masikio ya Bi Salhiya wa Kikwajuni. Mwenzetu mmoja, baba mtu mzima, kavua hedfoni akajipapasa masikio. Nimeirekebisha ili iwafae watu wengi, na sasa mbele iko mbele.

Nna mambo mawili. La kwanza, kuna mtoto upande wa kulia, sauti ndogo. Herufi yake ya qaaf inatoka kooni barabara. Kila akimaliza aya anaita "Bi Mwalimu" polepole, anangoja, halafu anaianza upya aya ile ile. Kati ya wote yeye ndiye anayesoma vizuri. Jina lake nani?

La pili, anapoita huyo mtoto, mara moja nakusikia unasema, "Nani ananiita huko kushoto?" Na sauti yake kwangu iko kulia. Nadhani ulizivaa maiki kinyume. Litazame lile doa jekundu uniambie, maana ikiwa ni hivyo nitageuza, kulia kuwe kushoto. Ni kazi ndogo.

Hedfoni umezijaribu?

Ridhwan


Kikwajuni, 9 Septemba 2024

Mwanangu,

Ndiyo, nilivaa kinyume. Macho yangu na doa lako jekundu hatukuelewana. Geuza.

Huyo mtoto basi atakuwa Riyama, yeye ndiye anayekaa kushoto kwangu, na kusoma anajua, mashaallah. Hana cha kuniita kila saa, lakini watoto ndivyo walivyo.

Hedfoni nimezivaa. Upande mmoja hausemi sana. Pengine Matar aliukalia njiani, na ule mwili wake.

Salhiya


Penang, 20 Septemba 2024

Shangazi,

Nimegeuza. Mkubwa wangu ameisikiliza yote, jambo ambalo halifanyi, na imepitishwa kwa wageni wa mwezi wa kumi. Likienda vizuri nitapewa timu yangu mwenyewe. Niombee.

Nakutumia nakala ya hii niliyoigeuza. Ivae uisikilize hadi mwisho, uniambie kama kila mtu sasa yuko mahali pake. Wewe ndiye unayekijua chumba.

Hedfoni nilizipima mwenyewe kabla ya kumpa Matar na pande zote mbili zilikuwa sawasawa. Ukiona bado upande mmoja hausemi, niambie ni upi.

Ridhwan


Penang, 13 Oktoba 2024

Shangazi, shikamoo.

Hukunijibu. Nakuandikia nikiwa nimetulia, na nakuomba usome mpaka mwisho.

Wageni walikuja Alhamisi. Walivaa, walifumba macho, walifurahi, na timu nimepewa. Mimi nilikuwa nimesimama kando na hedfoni zangu. Karibu na mwisho wa rekodi anapita muuza kahawa, anagonganisha vikombe vyake. Nimeisikia sehemu hiyo mara nyingi wala sikuwahi kuifikiria. Siku ile nikaifikiria. Alipita kushoto kwako.

Shangazi, mimi nimekulia kwenye mkeka ule. Kushoto kwako pana ukuta wa jirani, ukuta mtupu, hata dirisha hauna. Uchochoro uko upande wa mlango, na mlango uko kulia. Muuza kahawa hapiti ukutani.

Kwa hiyo maiki hukuzivaa kinyume. Rekodi ya mwanzo ndiyo iliyokuwa sahihi, na niliyoigeuza na kuwaonyesha watu wa watu ndiyo ya uongo. Hakuna aliyejua, maana hakuna aliyejua mlango uko wapi.

Nikairudia ile ya mwanzo, safari hii nikikusikiliza wewe badala ya watoto. Akikosea mtoto wa kushoto unamrudisha papo hapo, kama zamani. Akikosea wa kulia, anapita. Mmoja anaikata madda ile ile tena na tena na wewe huna habari. Mtu anapiga hodi, huitiki. Yule mtoto mdogo akiita, unamtafuta kushoto. Mtu mwenye sikio moja huona sauti zote zinatoka upande wa sikio lililo zima. Hilo nimelisoma darasani, na watu nawapima kwalo kila wiki.

Kaa mahali pa kimya. Sugua vidole viwili karibu na sikio la kulia, kisha la kushoto. Uniandikie unachosikia, bila chumvi.

Nitakwambia na hili, ili usije ukadanganywa na mtu. Kuna vifaa vinavyochukua sauti ya upande uliokufa na kuipeleka kwenye upande mzima. Mtoto wa kulia utamsikia. Lakini yuko wapi, hutajua, maana hilo linataka masikio mawili. Nafanya kazi hii kila siku na dawa ya hilo sinayo. Nimekasirika, sijui hata nimemkasirikia nani.

Nenda kwa daktari upesi, kwa ajili ya hilo lililobaki.

Mwanao,
Ridhwan


Penang, 29 Oktoba 2024

Shangazi,

Alama mbili za buluu nimeziona. Barua umeisoma. Matar ananiambia u mzima, unakwenda sokoni, na kwamba alikupigia kelele uchochoroni ukampita.

Nimemwambia mkubwa wangu kuwa rekodi ina kosa na nataka kuirudisha ilivyokuwa. Kaniuliza nani atakayejua. Nikamwambia mimi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Ridhwan


Kikwajuni, 10 Novemba 2024

Mwanangu Ridhwan,

Ungekuwa askari wewe, jela zingejaa. Njia ya mwongo fupi, na yangu ukaikata kwa vikombe vya kahawa.

Ni kweli. Sikio la kulia limekufa tangu Ramadhani. Niliamka kula daku nikasikia mlio, mfano wa birika linalotaka kuchemka. Ukakaa, ukakaa, na ulipoondoka ukaondoka na kila kitu. Nikasema nta. Nikatia mafuta ya habasoda. Kisha nikasema litarudi lenyewe. Kisha nikaacha kusema. Ule msemo wa sikio la kufa nnaujua, usinitajie.

Simu niliiacha kwa hilo hilo. Nikiiweka kwenye sikio la kushoto, nyumba nzima inazima. Mtoto anaweza kuanguka nyuma yangu nisijue.

Kwa nini nilificha? Hebu niambie, mwalimu wa chuo asiyesikia ni nani? Niliona siku nitakayotamka, chuo kimekwisha na mimi nimekwisha nacho. Ulipoleta habari ya doa jekundu nikaona pa kutokea, nikatoka.

Lakini usidhani kilichoninyamazisha ni barua yako. Nilinyamaza kabla yake. Ulinitumia ile uliyoigeuza. Nikaivaa ili nikwambie tu ni nzuri, yaishe. Basi, Ridhwan, upande wangu wa kulia wote ukaja sikio la kushoto. Mwanzo nilidhani umeniletea chuo cha mtu mwingine. Nikasikia hodi. Nikamsikia Msabah anaikata madda yake, na mimi mwenyewe nipo pale nakohoa, simwambii kitu. Mama yake nilimtolea maneno makali, naye alikuwa na haki.

Halafu nikamsikia Wanu.

Mimi nilikuwa nikiuona mdomo wake tu. Kumbe anasoma. Anasoma taratibu, herufi moja moja, anafika mwisho wa aya, anasema "Bi Mwalimu." Anangoja. Hapati jawabu. Anadhani kakosea, anaianza upya. Mara nikajisikia mimi, "Wanu, soma, mbona umenyamaza?" na yeye yumo katikati ya aya. Akakatika. Akaanza tena kwa sauti kubwa kidogo. Siku hiyo hiyo ndiyo niliyomwita bibi yake nikamwambia kusoma hakumo.

Nilizivua nikazitia kabatini, nikalia mpaka kichwa kikaniuma. Uongo wangu mwenyewe ndio ulionileta pale. Nisingekwambia geuza, usingegeuza, na ningekufa sijamsikia.

Daktari nimekwenda. La kulia, la kuvunda halina ubani. La kushoto zima, kasema, na nirudi kila mara alitazame. Hicho kifaa kanitajia pia, na alichosema ni kile kile ulichosema wewe, ila yeye alikuwa akitabasamu.

Wazazi nimewaita. Nikawakalisha mkekani walipokaa watoto wao, nikawaambia wazi: sikio la kulia halisikii, makosa yamenipita, atakayetaka kumchukua mwanawe amchukue kwa amani. Mama yake Borafya hakungoja hata chai. Wengine wakaondoka na adabu zao. Mama yake Msabah, niliyemtukana, ndiye aliyebaki akaosha vikombe. Sasa safu ya kulia anaisikiliza Riyama, kakua yule, na wote pamoja hatusomi tena. Chuo kimepoa. Sipendi kupoa kwake, lakini kosa halinipiti.

Wanu nilimwacha mwisho kwa sababu nilimwogopa. Nimekwenda Mwanakwerekwe juzi. Kwa Bi Mwanamkasi si mbali na lango, lakini soko lilikuwa limejaa, huyu anauza mapapai kwa spika, yule anagombana na mchukuzi. Nikawa sipaoni. Mara nikasikia, "Bi Mwalimu!" Ni Wanu. Sauti yake nshaijua, imenikaa. Lakini ilikuwa kila pahala. Nikageuka huku, hayupo. Nikageuka kule, hayupo. Akaita tena. Watu wananipiga vikumbo, mwanamke mtu mzima anazunguka katikati ya soko, wengine wanacheka. Wallahi nilitaka kurudi nyumbani.

Kisha nikapaza sauti yangu yote. "Naam, Wanu! Nakusikia lakini sijui uko wapi! Sikio langu moja bovu! Njoo wewe!"

Soko zima likajua. Akaja. Alikuwa nyuma yangu, kulia. Akanishika mkono.

Bi Mwanamkasi hakunipa salamu, na haki yake. Nilimwambia nilimdhulumu mjukuu wake, nikamwambia na namna. Akaendelea kupanga ndimu zake. Mwisho akasema mtoto hataki tena kusoma, akiambiwa asome ananyamaza kweli.

Nikakaa juu ya gunia. Nikamvuta Wanu nikamweka kushoto kwangu, nikamwambia, "Soma ile aya." Akamtazama bibi yake. Akauliza, "Hapa hapa?" Nikamwambia hapa hapa. Akaokota ndimu moja, akaigeuzageuza, nikasema nimeshampoteza. Kisha akaanza, sauti ndogo, katikati ya kelele zile, qaaf inatoka kooni kama ulivyosema. Akafika mwisho. Akasita. "Bi Mwalimu," akasema, akangoja.

Nikamwambia, "Nimekusikia."

Hakuianza upya. Akaendelea na aya ya pili.

Kesho anarudi chuoni. Rekodi irudishe ilivyokuwa, usimwogope huyo mkubwa wako. Na simu nipigie, lakini Ijumaa, watoto hawapo.

Shangazi yako,
Salhiya